Treni Ikichelewa, Anayelipa Ni Mkulima

Kati ya Agosti na Oktoba 2013 wakulima wa Kanada walivuna kuliko walivyowahi kuvuna. Ngano peke yake ilipita tani milioni 37, na kanola, ile mbegu ya mafuta yenye maua ya manjano, ikakaribia milioni 18. Ungetazamia mwaka kama huo uishie kwenye kicheko. Uliishia kwenye maturubai. Vihenge vya magharibi ya nchi vilijaa pomoni, nafaka ikarundikwa mashambani na kufunikwa, meli zikatia nanga nje ya Vancouver zikisubiri shehena iliyokwama zaidi ya kilomita 1,000 upande wa pili wa milima, na pengo kati ya bei ya bandarini na bei aliyopewa mkulima likatanuka kuliko wenye biashara hiyo walivyozoea kuliona. Richard Gray, mchumi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, alikadiria hasara ya wakulima kwa mabilioni ya dola. Hapakuwa na ukame, hapakuwa na nzige, na wanunuzi ng'ambo walikuwepo. Treni hazikuja.

Huko kwao kisa hiki husimuliwa kama kisa cha baridi kali na mavuno makubwa, mambo mawili ambayo binadamu hana mamlaka nayo. Mimi nakisoma kama kisa cha gharama. Kuchelewa kwa treni ni gharama kama nauli ilivyo gharama, ila hii haina risiti, na kwa jinsi usafirishaji wa nafaka kwa reli ulivyopangwa Amerika ya Kaskazini, anayeisababisha haimgusi hata senti. Maadamu mambo yako hivyo, mabehewa mapya hayataondoa foleni, wala kilomita za ziada za reli, kwa sababu kampuni ya reli haina sababu ya kuweka akiba ya injini na wafanyakazi kwa ajili ya miezi michache ya msimu. Mjadala huo si wa Wakanada peke yao. Afrika Mashariki imeanza tena kukabidhi reli zake kwa waendeshaji kutoka nje, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia inayopita katikati ya mikoa inayoilisha Tanzania, ndiyo iliyo mezani sasa.

Kihenge cha Saskatchewan nchini Kanada au cha North Dakota nchini Marekani hakifanani na kile cha fito na udongo kinachosimama nyuma ya nyumba kijijini. Ni mnara wa zege kando ya reli, wenye mizani, vikaushio na mitambo ya kusafisha, ambao hupokea nafaka kutoka kwa malori ya wakulima, huipanga kwa madaraja, kisha huimimina ndani ya mabehewa. Katika miaka ya 1930 nyanda za Kanada zilikuwa na vihenge zaidi ya 5,000, vingi vya mbao, kila kimoja mwendo mfupi kutoka kingine kwa sababu mkulima alifika kwa mkokoteni wa farasi. Leo vimebaki mia chache, vikubwa mno. Reli yenyewe ndiyo iliyosukuma mabadiliko hayo: anayeweza kupakia treni nzima ya mabehewa 100 au 110 kwa mara moja hutozwa nauli nafuu kuliko mwenye mabehewa matano, kwa hiyo vidogo vikafa, reli za matawi zikang'olewa, na lori la mkulima likaongezewa safari. Faida ya kihenge hutokana na kujaa na kutoka, kujaa na kutoka, mara kadhaa kwa mwaka. Kikishajaa na treni haijaja, mwenye kihenge hana haja ya kumfungia mtu lango. Anashusha bei mpaka wauzaji waache kuja wenyewe. Hapo ndipo kuchelewa kwa treni kunapogeuka kuwa bei, ndani ya ofisi ndogo ya mizani, na mkulima anarudi nyumbani akililaani soko la dunia ambalo siku hiyo halikumtendea lolote baya.

Kuna jambo moja ambalo wasemaji wa kampuni za reli hawapendi kulikalia muda mrefu. Kihenge kikipelekewa treni ya mabehewa 110, hupewa muda wa kupakia ambao kwa kawaida hauzidi saa 24. Kikipitiliza, kinatozwa. Meli ikisubiri gatini kupita siku zilizokubaliwa, mwenye shehena anatozwa. Lakini treni iliyoahidiwa wiki ya kwanza ya Februari ikifika wiki ya mwisho, kwa miaka mingi kilichotolewa kilikuwa maelezo, tena kwa adabu. Nchini Marekani mambo yamekwenda mbele zaidi ya hapo: haki ya kupata mabehewa kwa tarehe fulani hununuliwa kwa mnada miezi kadhaa kabla, na aliyeipata anaweza kumuuzia mwenzake. Mwanzoni mwa 2014 bei ya haki hiyo peke yake, juu ya nauli, ilifika maelfu ya dola kwa behewa moja. Mwenye kihenge huko North Dakota aliinunua kwa sababu alikuwa na mkataba wa kutimiza, kisha akaikata kwenye bei ya ngano iliyoletwa kesho yake. Makadirio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota yalisema kwamba kati ya Januari na Aprili mwaka huo wakulima wa jimbo hilo moja walipoteza zaidi ya dola milioni 66.

Je, kampuni ya reli ilipoteza nini? Tuanze na Kanada, ambako jibu linaonekana kirahisi. Tangu mwaka 2000 sheria ya huko huweka kikomo cha mapato ambayo kila moja ya kampuni mbili kubwa, CN na CP (sasa CPKC), inaweza kuyapata kwa kusafirisha nafaka ya magharibi kwenda bandarini. Kikomo hufuata tani na umbali. Tani iliyobebwa Novemba, bei ikiwa nzuri, na tani iliyobebwa Juni, bei ikiwa imeshaanguka, huiletea kampuni fedha ileile. Na tani hiyo haitapotea, kwa kuwa mkulima wa katikati ya Saskatchewan hana bahari karibu, hana mto unaopitisha majahazi, na mara nyingi hana reli ya pili. Kontena la kutoka Asia linaweza kushushwa Seattle badala ya Vancouver, kwa hiyo mwenye kontena anabembelezwa. Nafaka inasubiri. Ni sawa na abiria wa kijiji chenye basi moja: kondakta anajua kwamba akimwacha leo atamkuta palepale kesho. Wala haihitajiki nia mbaya ili jambo hili litokee. Meneja mwenye akili timamu, akiwa na injini kumi na wateja kumi na watano, ataanza na wale wanaoweza kumkimbia.

North Dakota walilishuhudia jambo hilohilo kwa sura nyingine. Huko mafuta ya miamba ya Bakken yalikuwa yameanza kuchimbwa kwa kasi kubwa kuliko mabomba yalivyoweza kujengwa, na Aprili 2014 uzalishaji wa jimbo ulivuka mapipa milioni moja kwa siku. Sehemu kubwa ilipanda treni. BNSF, reli kuu ya jimbo hilo, ilikanusha kwamba iliyapendelea mafuta kuliko ngano, na mimi sina sababu ya kuiita mwongo. Lakini njia ilikuwa ileile, madereva walewale, vituo vya kupishana vilevile, na mzigo mpya wenye fedha nyingi ulikuwa umepanda juu ya mzigo wa zamani usio na pa kwenda. Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu ya Marekani ilisikiliza malalamiko mjini Washington mwezi Aprili, ikaenda kuyasikiliza tena Fargo mwezi Septemba. Katikati ya hayo iliziagiza BNSF na CP zieleze zitafikishaje mbolea kwa wakulima kabla ya kupanda, maana treni zilezile zilizoshindwa kuchukua mavuno ya mwaka uliopita ndizo zilizotakiwa kuleta pembejeo za mwaka mpya. Aliyepigwa kwenye kuuza alikuwa karibu kupigwa tena kwenye kulima.

Utetezi wa kwanza wa kampuni za reli ni baridi, nao si wa kubeza. Breki za treni hufanya kazi kwa hewa iliyosukumwa kupitia bomba refu linalopita behewa hadi behewa. Joto likishuka chini ya nyuzi hasi 25 za Selsiasi, viungo hukakamaa, hewa huvuja, na treni ndefu haiwezi kuendeshwa kwa usalama. Inabidi ikatwe vipande. Treni mbili fupi zinataka injini nyingi zaidi na madereva mara mbili, na hao ndio hawakuwepo. Sawa. Ila Januari ya Saskatchewan si tukio la kushtukiza. Isitoshe, mlundikano ulirudi Kanada majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018, miezi michache tu baada ya sheria ya dharura ya 2014 iliyozibana reli kuachwa ife, na Machi 2018 CN iliwaomba radhi wasafirishaji wa nafaka hadharani huku mkuu wake akiondoka madarakani. Tena Marekani ilikwama mwaka 2022, na safari hiyo theluji haikuwa na la kujibu. Katika vikao vya Aprili mwaka huo vya bodi ileile, mwenyekiti wake, Martin Oberman, alisema kwamba kwa miaka sita kampuni kubwa za reli zilikuwa zimepunguza asilimia 29 ya wafanyakazi wake, watu wapatao 45,000. Wenye hisa waliusifu mpango huo kama ufanisi. Nafaka ya nchi nzima ilikuwa inatoka katika miezi ileile kama zamani.

Hapo tunafika kwenye pingamizi zito kuliko yote, ambalo wachumi wa reli hulitoa kwa haki. Mavuno huja kwa mkupuo. Ukiitaka reli iwe na injini za kutosha wiki ya mkupuo, injini hizo zitalala bandani wiki nyingine thelathini, na injini iliyolala ina riba, bima na fundi. Mwisho wa yote ni nani atakayelipia usingizi huo kama si mkulima yuleyule, kupitia nauli? Nakubali kwamba atalipia. Hoja yangu ni kwamba analipia hata sasa, tena kwa njia mbaya zaidi: anapunjwa kwenye bei, kwa kiasi asichokijua, katika mwaka ambao hakuuchagua, na fedha hiyo hainunui hata injini moja. Fuatilia mabilioni yale ya 2013 na 2014 yalikwenda wapi. Hayakwenda kwa kampuni za reli, kwa kuwa mapato yao kwenye nafaka yalikuwa na kikomo. Yalibaki mikononi mwa kampuni za nafaka zenye vihenge na nafasi bandarini, ambazo zilinunua kwa bei ya msongamano na kuuza kwa bei ya dunia. Mkulima aliulipia uhaba wa treni, na malipo hayo yakaishia kwa mtu asiye na treni. Faini ya ucheleweshaji, iliyoandikwa kwenye mkataba na inayolipwa na reli, ingeipa kampuni hesabu ya kufanya: kama wiki moja ya kuchelewa inagharimu kiasi hiki, inafaa kuweka injini ngapi za akiba? Huenda jibu likawa chache. Hata hivyo litakuwa jibu lililopigiwa hesabu na yule anayeweza kulitekeleza.

Niseme wazi pia kwamba mwenye kihenge si malaika anayeonewa. Harakati za wakulima wa nyanda hizo zilianza dhidi yake. Mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, iliruhusu jimbo kuweka kikomo cha tozo za vihenge vya Chicago kwa hoja kwamba mali binafsi ambayo umma hauwezi kuikwepa iko chini ya macho ya umma. Kanada nayo ilipata mavuno makubwa mwaka 1901 na reli ikashindwa kuyabeba. Mabehewa machache yaliyokuwepo yakapelekwa vihengeni, na mkulima aliyetaka kupakia nafaka yake mwenyewe akaambulia patupu. Wakulima wa Indian Head wakaunda chama, na mwaka 1902 wakamshtaki wakala wa stesheni ya Sintaluta kwa kutogawa mabehewa kwa zamu kama sheria ya nafaka ilivyotaka. Wakashinda. Walichokuwa wamekipigania kilikuwa daftari: kila anayetaka behewa aandike jina, na behewa litoke kwa kufuata majina. Sioni katika historia yote ya reli za nafaka ushindi mdogo kwa umbo na mkubwa kwa matokeo kama ule wa daftari la zamu, kwa sababu uligusa kilekile kinachouma mpaka leo, yaani nani anapata behewa na lini.

Ushindi uliowapendeza zaidi wanasiasa ulikuwa mwingine, nao ulizaa balaa taratibu. Kwa mkataba wa Crow's Nest wa mwaka 1897 kampuni ya Canadian Pacific (CP) ilipewa ruzuku ya kujenga reli milimani, nayo ikakubali kushusha nauli ya nafaka. Baadaye nauli hiyo ikafungwa kisheria ikabaki ileile kwa miongo na miongo. Kufikia miaka ya 1970 haikuwa ikirudisha hata gharama ya safari. Reli zikaacha kununua mabehewa ya nafaka, njia za matawi zikaoza, na serikali ikalazimika kununua mabehewa kwa maelfu kwa fedha ya walipa kodi. Utaratibu ule ulibadilishwa mwaka 1983 na ruzuku yake ikafutwa 1995. Nautaja kwa sababu kila mara wakulima wanapolia, kiongozi wa kwanza kusimama huahidi kushusha nauli. Nauli ndogo ya treni isiyokuja haimsaidii mtu. Marekani iliyalegeza masharti ya bei kwa sheria ya Staggers ya mwaka 1980, na ni haki kukiri kwamba reli zilizokuwa zinafilisika zilifufuka na nauli kwa ujumla zikashuka kwa miaka mingi baadaye. Ila sheria hiyo ilitegemea ushindani, na ushindani umekuwa ukiyeyuka: kampuni kubwa zilizokuwa karibu 40 wakati ule sasa ni sita, na Julai 2025 mbili kati ya hizo, Union Pacific na Norfolk Southern, zilitangaza nia ya kuungana.

Hata amri ya serikali ina namna yake ya kukosea. Machi 2014 serikali ya Kanada iliziagiza CN na CP kila moja ifikie kubeba angalau tani 500,000 za nafaka kwa wiki, la sivyo itozwe faini. Tani zilipanda. Lakini amri ilihesabu tani bila kuuliza zinatoka wapi na kwenda wapi, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuitimiza kwa kujaza njia nyepesi, vihenge vikubwa vyenye treni ndefu za kwenda moja kwa moja bandarini. Wenye vihenge vidogo, wauzaji wa shayiri na wasagaji wa upande wa Marekani walilalamika kwamba wamesukumwa nyuma zaidi ya walivyokuwa. Na ile faini, kama ingetozwa, ingekwenda hazina. Mkulima wa Kindersley, Saskatchewan, asingeonja hata sumni. Sehemu ya ile sheria ya dharura ya 2014 iliyonivutia zaidi ilikuwa ndogo na haikupigiwa makofi: iliongeza umbali ambao mteja wa reli moja anaweza kudai behewa lake likabidhiwe kwa reli nyingine, kutoka kilomita 30 hadi 160. Haikutumiwa na wengi, lakini mwenye kihenge alipokaa mezani kujadili huduma, kwa mara ya kwanza alikuwa na mlango wa kutokea. Umbali huo uliachwa ukaisha mwaka 2017, ukarudishwa kwa majaribio Septemba 2023, ukaisha tena Machi 2025. Kilichobaki imara zaidi ni sheria ya Mei 2018, inayompa msafirishaji njia ya kudai faini za pande zote mbili katika mkataba wa huduma, na kuzitaka reli zitangaze kila mwaka, kabla ya msimu, uwezo wao wa kubeba mavuno na mpango wao wa majira ya baridi.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika na reli wakati malori yapo. Treni moja ya mabehewa 110 hubeba takriban tani 10,000, yaani malori zaidi ya 300 ya tani 30. Kwa safari fupi lori halina mpinzani. Kwa safari ya Saskatoon hadi Vancouver, kupitia milima ya Rocky, hesabu hiyo haina mtu wa kuilipa. Tuiweke karibu na kwetu: mwaka 2024, baada ya ukame kuipiga Zambia, Tanzania ilikubali kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi. Kwa malori hayohayo ya tani 30 ni safari zaidi ya 21,000, na kila aliyewahi kuiona foleni ya mpakani Tunduma anajua maana yake.

Ndiyo maana TAZARA ni kipimo. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi inapita Makambako, ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una vihenge, kisha Mbeya na Songwe, katikati ya mahindi na mpunga wa Nyanda za Juu Kusini. Kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya uwezo uliokusudiwa. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na kila mtu anajua ni mzigo gani unaovuta fedha ya namna hiyo: shaba ya Zambia na Kongo. Sina ugomvi na shaba. Ndiyo itakayolipia mataruma na injini, na bila hiyo huenda kusingekuwa na mwekezaji. Lakini shaba ina njia nyingine, kuna bandari ya Durban na kuna ya Lobito, kwa hiyo shaba itabembelezwa. Mahindi ya Makambako hayana Lobito. Weka shaba mahali pa mafuta ya Bakken na mahindi mahali pa ngano, uone kama kuna kinachobadilika.

Watetezi wa ubinafsishaji watasema kwamba ni mapema mno kumbana mwekezaji ambaye hajasafirisha hata gunia, na kwamba tumewahi kufukuza wengine kwa masharti. Kumbukumbu zangu za habari za wakati ule haziko hivyo. Kampuni ya RITES ya India iliingia reli ya kati mwaka 2007 na serikali ikazirudisha hisa mwaka 2011. Rift Valley Railways ilichukua reli za Kenya na Uganda mwaka 2006 na ikaondoka 2017. Mijadala ya hadharani iliyozunguka kuvunjika kwa mikataba hiyo ilijaa ukodishaji wa injini, mishahara na ada za serikali, na mwenye mzigo aliyengoja behewa alionekana humo kwa nadra. Wengine watasema dawa ni kuruhusu waendeshaji wengi kwenye njia moja, kama sheria ya reli ya Tanzania ya mwaka 2017 ilivyofungua mlango. Ni jambo jema. Hata hivyo njia ni moja, na anayepanga treni ipi ipite na ipi ikae pembeni ni mmoja. Mwendeshaji wa pili naye atasubiri ishara ya yule wa kwanza.

Kinachohitajika si kikubwa. Miezi ya Juni hadi Oktoba itajwe kwa jina katika mikataba ya huduma, pamoja na idadi ya mabehewa kwa kila stesheni, ili tani za Makambako zisije zikafidiwa kwa karatasi na tani za Kapiri Mposhi. Faini ya kuchelewa ilipwe kwa mwenye shehena, isiende hazina, na mwenye shehena naye atozwe akishindwa kupakia kwa wakati. LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini nchini Tanzania, itangaze kila wiki mabehewa yaliyoombwa, yaliyotolewa na yaliyochelewa, stesheni kwa stesheni, kama bodi ya Marekani ilivyoziagiza kampuni zote kubwa kufanya kuanzia Oktoba 2014. Gharama yake ni karani na kompyuta, na ndilo daftari la Sintaluta kwa mavazi ya leo. Mkataba mkuu wa TAZARA umeshatiwa saini, lakini miaka mitatu ya mwanzo imetengewa ukarabati, na mikataba kati ya mwendeshaji na wateja wake bado ina nafasi ya kuandikwa. Mteja wa nafaka mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye njia hiyo ni Wakala wa Hifadhi ya Chakula, taasisi ya serikali ileile inayomiliki nusu ya reli. Ikikubali kusaini bila kifungu cha faini, mfanyabiashara wa Mbozi mwenye mabehewa manne ya mahindi hana atakachokwenda kudai.